Usajili wa anwani ya makazi nchini Ujerumani: wajibu na haki za mpangaji mgeni

Mtu yeyote anayehamia katika nyumba nchini Ujerumani, awe raia au mgeni, anatakiwa kisheria kusajili anwani yake ndani ya wiki mbili tangu siku aliyohamia. Usajili huo, ambao kwa Kijerumani huitwa Anmeldung, hufanyika katika ofisi ya wakazi ya mji au manispaa husika, na kwa kawaida hautozwi ada. Shughuli yenyewe dirishani huchukua dakika chache. Kinachowakwamisha wageni wengi ni karatasi moja ambayo mpangaji hawezi kujiandikia mwenyewe, nayo ni uthibitisho wa mwenye nyumba.

Suala hili linawahusu wakazi wa Afrika Mashariki wanaokwenda Ujerumani kwa masomo, mafunzo ya ufundi, kazi za uuguzi na kazi nyingine za ujuzi. Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini jijini Berlin makubaliano kuhusu uhamaji na ajira. Anayepata nafasi hujiandaa kwa viza, lugha na nauli. Nyumba mara nyingi huachwa ishughulikiwe baada ya kufika, na hapo ndipo mipango huanza kwenda kombo.

Uzito wa anwani

Taasisi nyingi za Ujerumani hazimhudumii mtu mpaka zihakikishe kwamba jina lake limo katika daftari la wakazi. Anaposajiliwa kwa mara ya kwanza, taarifa zake hupelekwa katika Ofisi Kuu ya Kodi ya Shirikisho, yenye makao yake mjini Bonn, ambayo humpa namba ya mlipakodi yenye tarakimu 11. Namba hiyo hutumwa kwa barua katika kipindi cha wiki chache. Mwajiri huihitaji ili kukata kodi ya mshahara kwa kiwango kinachostahili. Mfanyakazi asipoiwasilisha kwa uzembe wake mwenyewe, mwajiri hulazimika kumkata kodi kwa daraja la sita, ambalo ndilo zito kuliko yote. Fedha zilizozidi zinaweza kurejeshwa baadaye kupitia ritani ya mwaka. Hata hivyo, kwa mtu aliyesafiri kwa michango ya ukoo na deni la nauli, marejesho ya mwakani hayalipi kodi ya pango ya mwezi huu.

Mwanafunzi naye hukutana na jambo hilohilo kwa njia nyingine. Ili kupata viza, wanafunzi wengi wa kigeni hutakiwa kuweka fedha za kujikimu katika akaunti iliyozuiwa, ambayo huruhusu kutoa kiasi maalumu tu kila mwezi. Tangu tarehe 1 Septemba 2024 kiwango hicho kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi. Baadhi ya benki haziachii fungu la kwanza mpaka mwenye akaunti awasilishe uthibitisho wa usajili wa anwani. Hivyo mtu anaweza kuwa na fedha za mwaka mzima kwa jina lake na wakati huohuo akakosa nauli ya treni.

Kuhusu kibali cha ukaazi, ni vema kutenganisha ofisi mbili ambazo wageni huzichanganya. Ofisi ya wakazi hupokea anwani. Ofisi ya wageni, iitwayo Ausländerbehörde, hushughulikia haki ya kuishi nchini. Kusajili anwani si kuomba kibali wala hakurefushi viza. Lakini mahali mtu anapoishi ndipo panapoamua ofisi ipi ya wageni itashughulikia maombi yake, na maombi hayo yanatakiwa kuwasilishwa kabla viza ya kuingilia haijaisha muda. Aidha, anwani huandikwa kwenye kadi ya kibali yenyewe, na inapobadilika kadi hurekebishwa. Kwa wanaokusudia kukaa muda mrefu, rekodi ya usajili isiyokatika huwa miongoni mwa vielelezo vya ukaazi endelevu. Sheria ya uraia iliyoanza kutumika tarehe 27 Juni 2024 ilishusha kipindi cha kawaida cha ukaazi kinachohitajika kabla ya kuomba uraia kutoka miaka minane hadi mitano.

Sheria na chimbuko lake

Msingi wa wajibu huu ni Sheria ya Shirikisho ya Usajili wa Wakazi, iitwayo Bundesmeldegesetz, iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2015. Kabla ya hapo kila jimbo lilikuwa na sheria yake, chini ya mwongozo wa jumla wa shirikisho. Sharti la kuleta uthibitisho wa mwenye nyumba lilikuwa limeondolewa mwaka 2002 kwa lengo la kupunguza urasimu. Sheria ya mwaka 2015 ililirudisha, kwa kuwa watu walikuwa wakijisajili katika anwani wasizoishi, wengine bila hata wenye nyumba hizo kujua.

Historia hiyo inaeleza kwa nini watumishi wa ofisi za wakazi hawalegezi msimamo kuhusu karatasi hiyo. Kwa mujibu wa sheria, kumpa mtu anwani ili ajisajili ilhali hahamii hapo wala hakusudii kuhamia ni kosa linaloweza kutozwa faini ya hadi euro 50,000. Kuchelewa kujisajili kunaweza kutozwa faini ya hadi euro 1,000. Tofauti ya tarakimu hizo inaonyesha wazi ni lipi ambalo mtunga sheria aliliona kuwa hatari zaidi.

Kwa Mtanzania, wazo la kuthibitishiwa makazi si geni. Anayefungua akaunti ya benki au kuomba kitambulisho cha taifa amezoea kupitia kwa mjumbe na kupata barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au ya kijiji. Tofauti iko kwa mthibitishaji. Mwenyekiti wa mtaa humtambulisha mkazi kwa sababu anamfahamu, au angalau anafahamu nyumba anayoishi. Nchini Ujerumani hakuna anayetakiwa kumfahamu mkazi. Anayethibitisha ni yule aliyemkabidhi ufunguo, na asipofanya hivyo hakuna kiongozi wa mtaa wa kumkimbilia.

Muda uliowekwa pia hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na mgeni asihamishe mazoea ya nchi moja kwenda nyingine. Austria hutoa siku tatu. China humtaka mgeni anayekaa nje ya hoteli asajiliwe polisi ndani ya saa 24, yeye mwenyewe au kupitia kwa mwenyeji wake. Wiki mbili za Ujerumani ni muda mrefu kwa kulinganisha, lakini huhesabiwa tangu siku ya kuhamia katika nyumba, si tangu siku ya kukubaliana na mwenye nyumba, na mtu hawezi kusajiliwa kabla hajahamia.

Uthibitisho wa mwenye nyumba

Hati hii kwa Kijerumani ni Wohnungsgeberbestätigung, neno refu ambalo mpangaji anashauriwa kulikariri kabla ya kusafiri. Huwa ni fomu ya ukurasa mmoja, na halmashauri nyingi huiweka kwenye tovuti zao. Ndani yake huandikwa jina na anwani ya anayetoa nyumba, jina la mmiliki iwapo ni mtu mwingine, anwani ya nyumba, tarehe ya kuhamia, na majina ya wote wanaohamia. Mkataba wa upangaji hauwezi kuchukua nafasi yake, hata ukiwa na mihuri na saini za pande zote. Wapo wageni waliosubiri miadi kwa wiki kadhaa wakiwa na mkataba mkononi, kisha wakarudishwa kwa kukosa fomu hiyo moja.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtoaji wa nyumba si lazima awe mmiliki. Sheria inamtambua yule ambaye kwa hakika anampa mwingine makazi. Wakala aliyepewa mamlaka na mmiliki anaweza kusaini. Hosteli za wanafunzi hutoa hati hii kama sehemu ya utaratibu wa kukabidhi chumba. Mpangaji mkuu aliyepangisha chumba kimoja katika nyumba anayoishi naye anaweza, na kwa hakika anawajibika, kumsainia anayeingia. Ndugu au rafiki anayemkaribisha mgeni kuishi kwake yuko katika nafasi hiyohiyo.

Tatizo kubwa liko hapo kwenye chumba cha kupangishwa na mpangaji mwingine. Katika miji kama Berlin, Munich, Hamburg na Frankfurt, nyumba ni adimu, na mgeni asiye na hati za mshahara za Ujerumani mara nyingi hujikuta akichukua chumba kwa mtu ambaye naye amepanga. Kwa mujibu wa sheria za upangaji za Ujerumani, mpangaji mkuu anatakiwa kupata ridhaa ya mmiliki kabla ya kupangisha wengine. Asiyekuwa na ridhaa hiyo huogopa kusaini, kwa kuwa saini yake ni ushahidi dhidi yake mwenyewe. Wengine hukataa kwa sababu hawajayatangaza mapato yao ya pango kwa mamlaka ya kodi. Kwa namna yoyote, kauli anayopewa mgeni huwa ni ileile: chumba kipo, ila usajili haupo.

Kwa anayekaa wiki tatu kama mtalii, kauli hiyo haina athari. Sheria inamruhusu mtu ambaye makazi yake ya kawaida yako nje ya nchi, na ambaye hajasajiliwa Ujerumani, kukaa hadi miezi mitatu kabla wajibu wa usajili haujaanza. Nafuu hiyo imekusudiwa wageni wa matembezi. Mwanafunzi au mfanyakazi aliyekwenda kuishi hapaswi kuitegemea, na hata kama angeitegemea, namba ya mlipakodi na huduma nyingine zinazosubiri usajili zisingepatikana.

Sheria haikumwacha mpangaji bila kinga. Mtoaji wa nyumba anawajibika kutoa uthibitisho ndani ya muda uleule wa wiki mbili, na akikataa bila haki anaweza kutozwa faini ya hadi euro 1,000. Mpangaji asiyeupata kwa wakati anatakiwa kuiarifu ofisi ya wakazi mara moja, nayo ina mamlaka ya kumtaka mtoaji wa nyumba atoe taarifa. Taarifa hiyo ni vema itolewe kwa maandishi, ikiambatana na mkataba, risiti za malipo ya pango na nakala ya ujumbe ambao mwenye nyumba alitumiwa kuombwa hati. Mpangaji aliyetoa taarifa ameonyesha nia ya kutii sheria. Aliyenyamaza kwa kumhurumia au kumwogopa mwenye chumba amebeba kosa ambalo si lake.

Ni kweli kwamba hatua hiyo ina gharama. Anayemripoti mpangaji mkuu wakati wa baridi anaweza kujikuta akitafuta chumba kingine wiki inayofuata. Ndiyo maana wakati unaofaa wa kuuliza kuhusu hati hii ni kabla fedha haijatoka mfukoni. Swali ni moja tu, nalo liulizwe kwa maandishi: je, mpangaji atapewa Wohnungsgeberbestätigung siku ya kukabidhiwa ufunguo? Mwenye nyia njema hujibu kwa neno moja, na jibu hilo linaweza kuingizwa katika mkataba. Anayezunguka, anayetaka malipo ya ziada kwa ajili ya saini, au anayependekeza mpangaji ajisajili katika anwani nyingine, ameshajieleza.

Amana nayo ina mipaka. Kwa nyumba ya kuishi, sheria inazuia amana kuzidi kodi ya pango ya miezi mitatu bila kujumuisha gharama za joto na huduma nyingine, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi, la kwanza likilipwa upangaji unapoanza. Anayetakiwa kutuma amana yote akiwa bado Dar es Salaam au Mombasa, kwa chumba ambacho hajakiona wala kuonyeshwa na mtu anayemwamini, yuko katika hatari ya kutapeliwa. Wapo pia wanaouza anwani bila chumba. Bei yao huonekana ndogo ikilinganishwa na shida ya mnunuzi, lakini faini ya euro 50,000 iliyotajwa inahusu biashara hiyo hasa, na barua za mnunuzi zitakuwa zikifika mahali ambako hana ufunguo.

Siku ya miadi

Ofisi ya wakazi hujulikana kwa majina tofauti: Bürgeramt, Bürgerbüro au Einwohnermeldeamt. Katika jiji la Berlin mkazi anaweza kwenda katika Bürgeramt yoyote bila kujali wilaya anayoishi, jambo linalosaidia kwa kuwa nafasi za miadi hujaa haraka. Miadi inapopatikana baada ya wiki mbili kupita, mhusika ahifadhi uthibitisho unaoonyesha tarehe aliyoomba. Anayefika kutoka nje ya nchi kwa mara ya kwanza hutakiwa kwenda mwenyewe. Huduma ya kusajili kwa njia ya mtandao hutegemea kitambulisho cha kielektroniki ambacho mgeni mpya bado hana.

Mhusika huenda na pasipoti yenye viza, uthibitisho wa mwenye nyumba, na fomu ya usajili iliyojazwa. Familia inayohamia pamoja inaweza kutumia fomu moja, na mmoja wao akawasajili wote kwa kubeba pasipoti zao. Wenye ndoa na watoto huombwa cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa, ambavyo ni vema vikawa na tafsiri ya Kijerumani ya mfasiri aliyeapishwa. Lugha rasmi ya ofisi hizo ni Kijerumani. Wapo watumishi wanaozungumza Kiingereza kwa hiari yao, lakini hawalazimiki, hivyo asiyejiweza aongozane na mtu anayeielewa lugha.

Majina yanahitaji uangalifu. Mtanzania aliyezoea kuandika jina lake, la baba na la babu kwa mpangilio wowote atakuta fomu yenye sehemu mbili tu, jina la ukoo na majina ya kwanza. Kinachofuatwa ni mgawanyo uliomo kwenye pasipoti, hata kama nyumbani anaitwa vingine. Jina likiingia vibaya katika daftari, kosa hilo husafiri hadi kwenye namba ya mlipakodi, na kulisahihisha ni safari nyingine ya miadi.

Fomu pia huuliza dini. Swali hili huwashangaza wageni, na wengi hulijibu kwa uaminifu bila kujua matokeo yake. Nchini Ujerumani, Kanisa Katoliki na makanisa ya Kiinjili hukusanyiwa kodi ya kanisa kutoka kwa waumini wao kupitia mfumo wa serikali. Kiwango ni asilimia 8 ya kodi ya mapato katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 katika majimbo mengine. Ikumbukwe kuwa ni asilimia ya kodi anayokatwa mtu, si ya mshahara wake. Mwanafunzi asiye na kipato cha kutozwa kodi halipi chochote. Muuguzi aliyebatizwa katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambaye nyumbani hutoa sadaka na ahadi kwa hiari, atakatwa moja kwa moja kwenye hati ya mshahara iwapo atajiandikisha kuwa Mlutheri. Wapo wanaoona ni sehemu ya utume wao na hawana kinyongo. Wapo waliogundua baada ya miezi kadhaa, na kujiondoa kunahitaji tamko rasmi mbele ya mahakama au ofisi ya msajili, kulingana na jimbo. Ni haki ya kila mmoja kuamua, ila aamue akijua.

Mwisho wa shughuli mhusika hupewa hati ya uthibitisho wa usajili. Hati hiyo ni ya kutunzwa pamoja na pasipoti, na nakala yake ipigwe picha siku hiyohiyo.

Jina kwenye kisanduku cha barua

Baada ya usajili, wageni wengi hudhani kazi imekwisha, na hukaa wakisubiri barua ya namba ya mlipakodi isiyofika. Sababu mara nyingi ni kipande cha karatasi kinachokosekana kwenye kisanduku cha barua.

Katika Afrika Mashariki barua zimezoeleka kwenda kwenye sanduku la posta la kukodi, au kwa anwani ya mwajiri, shule au parokia. Tanzania ilitekeleza Operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti mwaka huo, na mitaa ikapata majina na nyumba zikapata namba. Pamoja na hatua hiyo, watu wengi bado hawategemei tarishi kufika mlangoni. Ujerumani tarishi hufika, lakini katika majengo mengi nyumba za ndani hazina namba. Jengo lenye kaya 20 lina namba moja ya mtaa, na kinachotofautisha kaya ni majina yaliyoandikwa kwenye kengele na kwenye visanduku vya barua mlangoni. Tarishi asipoliona jina, barua hurudi ilikotoka, hata kama mwenye jina yuko ghorofani akiangalia dirishani.

Mpangaji wa chumba kimoja kwa hiyo anapaswa kuomba jina lake liongezwe kwenye kisanduku siku anayohamia. Pale isipowezekana, barua zinaweza kuandikwa jina lake likifuatiwa na alama c/o na jina lililopo kwenye kisanduku, ingawa njia hiyo ni ya muda na haiaminiki sana kwa barua za serikali.

Uzito wa jambo hili unazidi usumbufu wa kawaida. Tangu tarehe 1 Januari 2025, uamuzi wa mamlaka za utawala uliotumwa kwa posta ndani ya nchi huhesabiwa kuwa umemfikia mlengwa siku ya nne tangu ulipowekwa posta, isipokuwa ikithibitika kwamba haukumfikia au ulichelewa. Awali ilikuwa siku ya tatu. Muda wa kupinga uamuzi, ambao kwa kawaida ni mwezi mmoja, huanza kuhesabiwa hapo. Barua inayokataa au kuwekea masharti kibali cha ukaazi inaweza kulala katika kisanduku cha jirani huku siku zikihesabika.

Kuna jingine. Barua za serikali zikirudi mara kwa mara, ofisi ya wakazi inaweza kuchunguza na hatimaye kumwondoa mhusika katika daftari kwa kumwandika kuwa amehamia kusikojulikana. Kwa raia hilo ni usumbufu. Kwa mgeni ni kubwa zaidi, kwa sababu kibali cha ukaazi kwa kawaida hufa iwapo mwenye kibali amekaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita bila ruhusa. Daftari likionyesha pengo, yeye ndiye atakayetakiwa kueleza alikuwa wapi.

Ada ya utangazaji na usiri wa taarifa

Wiki chache baada ya usajili hufika pia barua ya ada ya utangazaji wa umma, Rundfunkbeitrag. Wengi huitupa wakidhani ni tangazo la biashara. Ni ada ya lazima ambayo tangu Agosti 2021 ilikuwa euro 18.36 kwa mwezi, nayo hutozwa kwa nyumba, si kwa mtu, hata kama nyumba haina televisheni wala redio. Wanaoishi nyumba moja hulipa ada moja kwa pamoja. Anayehamia ambako mwenzake tayari analipa anachotakiwa ni kujibu barua kwa kutaja namba ya mlipaji huyo.

Daftari la wakazi si siri kamili. Mtu mwingine, kwa kulipa ada, anaweza kuomba kuelezwa anwani ya mkazi aliyemtambulisha ipasavyo. Mwenye sababu za kuhofia usalama wake, kwa mfano mwanamke aliyemkimbia mume mkatili, anaweza kuomba taarifa zake zizuiwe kutolewa. Ombi hilo hupelekwa katika ofisi ya wakazi kwa maelezo ya hatari iliyopo, na inafaa litolewe siku ileile ya kusajiliwa.

Kuhama na kuondoka

Anayehama kutoka nyumba moja kwenda nyingine ndani ya Ujerumani hujisajili upya ndani ya wiki mbili katika makazi mapya, akiwa na uthibitisho mpya wa mwenye nyumba. Hana haja ya kujiondoa alikotoka, kwa kuwa ofisi hupashana habari. Wajibu huu hauhesabu ukubwa wa safari. Kuhama kutoka ghorofa ya pili kwenda jengo la jirani ni kuhama.

Anayeondoka nchini moja kwa moja anatakiwa kufuta usajili wake ndani ya wiki mbili baada ya kuhama, na anaweza kufanya hivyo mapema kuanzia wiki moja kabla. Hati anayopewa huonyesha tarehe aliyoondoka, nayo hutumika kufunga ada ya utangazaji, bima ya afya na mikataba mingine ambayo vinginevyo huendelea kudai. Mfanyakazi aliyechangia pensheni, na ambaye kwa masharti ya sheria anastahili kurejeshewa mchango wake, anaweza kuomba marejesho hayo baada ya miezi 24 tangu alipoacha kuwa chini ya mfumo huo, na tarehe ya kuondoka ni kati ya mambo atakayoulizwa.

Kujiandikisha katika ubalozi wa nchi yake ulioko Berlin ni hatua nyingine inayofaa kwa kila Mtanzania au Mkenya, hasa kwa ajili ya huduma za dharura na pasipoti. Haichukui nafasi ya usajili katika ofisi ya wakazi, na kufuta usajili katika ofisi ya wakazi hakumwondoi katika orodha ya ubalozi. Halmashauri nyingi hupokea fomu ya kufuta usajili kwa posta, hivyo hata aliyekwishafika nyumbani bila kuikamilisha anaweza kuituma, akiweka saini yake, tarehe aliyotoka katika nyumba na anwani ya kupokelea hati.